Daktari Aliuliza Saa, Si Dawa

Barua ya mwezi huu imetoka Nakuru, kwa mama ambaye jina lake nalihifadhi. Binti yake aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa bipola mwaka 2019, akiwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Akaanzishiwa dawa, akatulia, akarudi darasani. Machi 2020 korona ikafunga shule, binti akarejea nyumbani na dawa zake mkobani. "Hazikukatika hata siku moja," mama anaandika, na neno "hata" amelipigia mstari. Pamoja na hayo, kufikia Juni mtoto alikuwa halali, anaongea bila kituo, anapanga kufungua biashara tatu kwa mpigo. Kufikia Agosti alikuwa amegeuka: hatoki chumbani, chakula hakimpiti kooni, hataki kuonana na mtu. Daktari alipopatikana, tena kwa simu, hakuanza na dawa. Aliuliza binti anaamka saa ngapi. Anakula saa ngapi. Asubuhi mtu wa kwanza kuzungumza naye ni nani, na ni saa ngapi.

"Niliona ananimalizia salio," mama anasema. "Tangu lini maradhi ya akili yakatibiwa kwa saa ya ukutani?" Kisha anaongeza jambo lililonifanya niiweke barua yake juu ya nyingine zote. Alikuwa amesikia kwamba jua la asubuhi hurekebisha usingizi, basi akawa anamwamsha binti saa kumi na mbili na nusu na kumkalisha uani. Wiki moja baadaye mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Binti aliyekuwa akilala saa kumi alfajiri sasa alikuwa akisinzia jua limeshachomoza.

Nitaruka mengi. Virusi vyenyewe havinivutii, na kuhusu bipola itatosha kusema kwamba hisia za mgonjwa hupanda hadi kupitiliza, hali ambayo madaktari huiita mania, kisha hushuka hadi kwenye sonona. Takwimu za janga nazo mmezisikia: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana na wanawake ndio walioumia zaidi. Shirika hilo lilipoziuliza nchi 130 mwaka 2020, asilimia 72 ya zilizojibu zilisema huduma za afya ya akili kwa watoto na vijana zimevurugika. Kliniki zilifungwa, nauli zilipanda, wahudumu walihamishiwa wodi za korona. Yote hayo ni kweli na yanaumiza. Lakini binti wa Nakuru alikuwa na dawa zake. Kwake kilikatika kitu kingine, na hicho ndicho nitakachokiandikia kurasa hizi zote.

Saa isiyokwenda sawa

Mama ameitaja saa ya ukutani kwa dhihaka, kumbe amegusa penyewe. Waliokulia Tanzania wa umri wangu wanaikumbuka saa ya kutia ufunguo iliyotundikwa sebuleni, na redio juu ya kabati. Saa ile haikuwa sahihi hata kidogo. Kila siku ilichelewa dakika kadhaa. Lakini kabla ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam zililia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, na mwenye nyumba akizisikia aliinuka, akafungua kioo, akausogeza mshale mkubwa kwa kidole. Kesho yake akarudia. Saa mbovu ikaishi miaka mingi bila kumwona fundi, na hakuna mtoto aliyechelewa shule kwa ajili yake.

Saa ya mwili ndiyo hiyo. Imekaa ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapokutana, nayo ni vishada viwili vyenye jumla ya seli kama 20,000. Ndani ya kila seli jeni huwaka na kuzimika kwa zamu ya takriban siku nzima. Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha namna zamu hiyo inavyokwenda katika nzi wa matunda, nami nawaachia sifa yao nipite. Ninachotaka mkishike ni kwamba saa hii huchelewa. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard waliwaweka watu katika vyumba visivyo na dalili yoyote ya wakati, wakapima homoni na joto la mwili, wakakuta siku ya ndani ya binadamu ina wastani wa saa 24 na dakika 11.

Dakika 11 ni kitu gani? Betri za redio zikiisha leo, ngoma zisilie, kesho hakuna atakayetambua. Baada ya wiki moja saa ya ukutani imepotoka kwa zaidi ya saa nzima. Baada ya mwezi mmoja ni saa tano na nusu, na mwenye kuiamini anapika chakula cha mchana jua linatua. Hili halikubaki kwenye makaratasi. Mwaka 1962 Mfaransa kijana, Michel Siffre, alikaa miezi miwili ndani ya pango lenye barafu katika milima ya Alpi bila saa. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, kwa hesabu yake ilikuwa bado tarehe 20 Agosti. Kuanzia miaka ya 1960, Mjerumani Jürgen Aschoff aliwaweka mamia ya watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi, katika nyumba iliyochimbiwa ardhini huko Andechs, karibu na München. Humo walipika, walisoma, walilala walipojisikia, na siku zao zikaanza kuteleza, kila mmoja kwa kasi yake.

Aschoff alihitaji jina la kila kitu kinachofanya kazi ya zile ngoma: mwanga, mlo, kengele, salamu. Wajerumani wanasema Zeitgeber, yaani mwenye kutoa wakati, na nimehangaika nalo wiki nzima. "Mtoa-saa" nililifuta haraka, maana huyo tunamjua, yuko kituo cha mabasi na saa ya mkononi huitambui imekwenda lini. "Kipa-saa" kila aliyelisikia aliniuliza anachezea timu gani. "Kirekebishi" ni cha fundi redio. Kisha nikakumbuka kwamba wazee wa pwani hawakusema "kurekebisha saa". Walisema kutia saa majira. Basi nimeunda "kitiamajira", wingi "vitiamajira", na nitalitumia kuanzia sasa. Mwenye zuri zaidi aniandikie, ila asinitumie tena "kichocheo".

Ngoma ileile, mshale huku na kule

Kitiamajira kikuu ni mwanga, na njia unayopitia ni ya ajabu. Kwa zaidi ya karne iliaminika kwamba jicho lina aina mbili tu za seli za kupokea mwanga, zile za kuonea mchana na zile za kuonea gizani. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walitangaza kwamba wamepata protini mpya ya kunasa mwanga, nao waliipata kwenye seli za ngozi ya chura. Wakaiita melanopsini. Mwaka 2002 kundi la David Berson katika Chuo Kikuu cha Brown likaonyesha kwamba ndani ya jicho la panya zipo seli chache za neva zenye protini hiyo, ambazo huitikia mwanga zenyewe bila kusaidiwa na zile za kuonea. Hazichori sura ya kitu chochote. Hupima tu mwanga ni mwingi kiasi gani na kupeleka habari kwenye vishada vile viwili. Ndiyo sababu baadhi ya watu wasioona kabisa, ambao seli hizi kwao zingali hai, saa yao ya mwili hufuata jua bila tatizo, na wengine ambao zimekufa huteleza kama wale wa Andechs. Mzee Morris mwenyewe hakuwa akiona, na nyumba za nchi nzima zilitia saa majira kwa mikono yake.

Sasa tufike panaponipendeza kuliko kote. Ngoma za redio zilimwambia mwenye nyumba saa kamili, naye akajua asogeze mshale mbele au nyuma. Mwanga hausemi saa. Husema tu "kuna mwanga". Saa ya mwili inajuaje ikiwa imechelewa au imewahi? Inatazama mshale wake yenyewe. Kama mwanga umeingia wakati saa ya ndani inasema usiku umekaribia mwisho, mwili huamua: lo, kumeshakucha, nimechelewa, na mshale husogea mbele. Kama mwanga uleule, wenye nguvu ileile, umeingia wakati saa ya ndani inasema usiku ndio unaanza au uko katikati, mwili huamua: bado ni jioni, nimewahi mno, na mshale hurudi nyuma. Ngoma ni moja. Upande wa kusogezea mshale unaamuliwa na mshale wenyewe.

Kati ya pande hizo mbili kuna mpaka, nao unajulikana ulipo. Ni pale joto la mwili linapofika chini kabisa, kiasi cha saa mbili hadi tatu kabla ya mtu kuamka kwa hiari yake. Kwa anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili, mpaka uko kwenye saa tisa na nusu au saa kumi za alfajiri. Jua la saa kumi na mbili na nusu linamkuta amekwisha kuuvuka, linamvuta mbele, na usiku unaofuata analala mapema kidogo. Kwa mtu huyu kila alichosikia mama kuhusu jua la asubuhi ni sahihi.

Mtazame binti sasa. Analala saa kumi alfajiri, anaamka saa saba mchana. Mpaka wake umehamia kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Anapotolewa uani saa kumi na mbili na nusu, mwili wake unaliona jua lile katikati ya usiku wake wa ndani, na hukumu yake ni moja: bado ni jioni. Mshale unarudi nyuma. Siku ya pili unarudi tena, na wiki ikiisha anasinzia asubuhi kweupe. Jua lilifanya kazi yake barabara, ila upande usiotakiwa. Njia ya kumrudisha ni kumwekea mwanga muda mfupi baada ya wakati anapoamka mwenyewe, kisha kuuvuta wakati huo mapema kwa nusu saa au saa moja kila baada ya siku moja au mbili, hadi mpaka urudi mahali pake. Inachukua majuma, na inataka uvumilivu kuliko nguvu.

Upande wa pili wa siku nao una mwanga wake. Mtu mwenye umri kama wa binti huyu tayari saa yake imesogea nyuma kwa sababu ya baleghe. Till Roenneberg na wenzake wa München walionyesha mwaka 2004 kwamba tabia ya kuchelewa kulala na kuamka hukua miaka yote ya ujana na kufika kileleni karibu na umri wa miaka 20, ndipo inaanza kurudi. Mwanga wa taa na simu usiku ni hafifu ukilinganisha na wa nje. Kwa kipimo cha mwanga kiitwacho luksi, ndani ya nyumba huwa kati ya 100 na 300, na uani, hata siku ya mawingu, hufika 10,000. Lakini luksi chache zinazoingia saa nane usiku zinaikuta saa ya ndani upande wa kurudi nyuma, na mtoto aliyeshinda chumbani nyuma ya pazia hana jua la mchana la kuzipinga. Kenya ilipoweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi 2020, watu waliingia ndani saa moja jioni. Taa hazikuzimwa saa hiyo.

Walionufaika

Hapa ndipo habari inapogeuka. Mambo hayahaya, shule kufungwa na kengele kunyamaza, yaliwafaa vijana wengi. Katika jimbo la Zürich, Uswisi, watafiti waliwalinganisha maelfu ya wanafunzi wa sekondari waliohojiwa wakati wa kufungiwa na wengine waliohojiwa kabla ya janga. Wakati wa kufungiwa, siku za masomo walilala dakika 75 zaidi. Ni jambo la kueleweka: kijana ambaye saa yake ya ndani inasema bado ni usiku wakati kengele inalia alikuwa akiishi na deni la usingizi kila wiki, akililipa Jumamosi na Jumapili. Kengele ikakaa kimya, deni likapungua. Wapo pia vijana ambao shule yenyewe ndiyo ilikuwa chanzo cha hofu yao, na majuma ya kwanza ya kukaa nyumbani walipumua.

Ndiyo maana anayeuliza kama janga liliwaharibu au liliwaokoa vijana wenye maradhi ya akili hapati jibu moja. Inategemea saa ya kila mmoja iliegemea nini. Kwa kijana ambaye saa yake hujisimamia na kuchelewa kidogo tu, kuondoka kwa kengele ni nafuu. Kwa mwenye bipola, kengele ilikuwa sehemu ya matibabu bila mtu yeyote kuiandika kwenye faili.

Mtu wa kwanza wa asubuhi

Wazo hilo la kengele kuwa tiba lina wenyewe. Mwaka 1988 Cindy Ehlers, Ellen Frank na David Kupfer waliandika kwamba mengi tunayoyaita misiba ya maisha, kufiwa, kuachwa, kupoteza kazi, huleta sonona kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni huzuni, ambayo kila mtu anaijua. Ya pili ni kwamba mtu aliyeondoka aliondoka na majira yake. Mume aliyekuwa akiomba chai saa moja alikuwa kitiamajira, na mtoto wa kupelekwa shule alikuwa kitiamajira. Wakiondoka, siku ya anayebaki inakosa nguzo, usingizi unapotoka, na kwa mtu ambaye ubongo wake umeelekea kwenye maradhi ya hisia, kupotoka huko kunatosha kuanzisha kipindi kipya cha ugonjwa.

Ellen Frank, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliligeuza wazo hilo kuwa tiba. Mgonjwa hupewa karatasi ya kila siku. Toleo fupi lina mambo matano tu: saa aliyotoka kitandani, saa aliyokutana na mtu wa kwanza, saa aliyoanza kazi au masomo, saa ya chakula cha jioni, na saa aliyoingia kulala. Mtaalamu na mgonjwa huitazama pamoja kila wiki na kuuliza nini kilihama, kwa nini, na kitarudishwaje. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lenye wagonjwa 175 wa bipola, wote wakiwa kwenye dawa, waliopata tiba hii wakati wa ugonjwa mkali walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuugua upya, na kadiri majira yao yalivyotulia ndivyo hatari ilivyopungua. Maswali ya daktari wa Nakuru yalitoka kwenye karatasi hiyo, na swali la mtu wa kwanza wa asubuhi ni la pili kwenye orodha.

Linganisheni sasa orodha hiyo na siku ya shule ya bweni. Kengele alfajiri, na matroni anayepita kitanda hadi kitanda: hayo ni mambo mawili ya kwanza, yamekwisha kabla ya uji. Prepu ya asubuhi na kipindi cha kwanza ni la tatu. Foleni ya chakula cha jioni ni la nne. Taa kuzimwa ni la tano. Malalamiko kuhusu kengele za alfajiri kupita kiasi nayaunga mkono kwa mikono miwili, lakini kwa usahihi wa kutia majira hakuna kliniki inayoifikia shule hiyo. Serikali ikatangaza shule zifungwe, na vitiamajira vyote vitano vikaondoka kwa siku moja. Nchini Tanzania wanafunzi wengi walirudi tarehe 29 Juni 2020. Kenya madarasa mengi yalisubiri hadi Januari 2021. Uganda, ambayo ilifungua na kufunga tena, ilizifungulia shule zote Januari 2022, takriban miaka miwili tangu zifungwe.

Usingizi ukipotoka, mania huingilia hapohapo. Thomas Wehr, wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, alieleza mwaka 1987 kwamba mambo mengi yanayosemwa kuchochea mania, safari, msiba, mtihani, mapenzi mapya, yote hupitia mlango mmoja: kupungua kwa usingizi. Mtu analala kidogo, hisia zinapanda, hisia zilizopanda zinamnyima usingizi, na gurudumu linazunguka lenyewe. Ukweli wa pili ni wa kushangaza zaidi. Tangu mwaka 1971, Wajerumani Pflug na Tölle walipolichunguza, inajulikana kwamba kuwakesheza wagonjwa wa sonona usiku mmoja huinua hisia za takriban nusu yao asubuhi yake, kisha wakilala nafuu huyeyuka. Usingizi ni lango la pande zote mbili. Hata lithiamu, dawa kongwe ya bipola, inagusa saa: hurefusha siku ya ndani ya seli.

Na saa zenyewe hazipo ubongoni tu. Ini lina yake, mafuta ya mwili yana yake, misuli ina yake. Ni nyumba yenye saa katika kila chumba, na ile ya sebuleni ndiyo iliyo karibu na redio. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliwachelewesha vijana kumi milo yao yote kwa saa tano. Melatonini, homoni ya usiku inayofuata saa ya ubongo, haikuyumba. Lakini saa ya jeni kwenye mafuta ya mwili ilisogea kwa kama saa moja, na mzunguko wa sukari kwenye damu ulihama kwa zaidi ya saa tano. Chumba kimoja kinasema adhuhuri, kingine asubuhi. Swali la "anakula saa ngapi" lilihusu saa ya jikoni.

Yapo majaribio ya kutumia yote haya kama dawa. Wehr alimlaza mgonjwa mmoja wa bipola aliyekuwa akibadilika hisia mfululizo katika giza la saa 14 kila usiku, na mizunguko ikatulia. Dorothy Sit na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la mwanga mkali wa luksi 7,000 kwa wagonjwa 46 wenye sonona ya bipola. Kati ya waliopewa mwanga huo walipona asilimia 68, na kati ya waliopewa mwanga hafifu asilimia 22. Waliutumia katikati ya mchana, kuanzia dakika 15, kwa sababu mwanga mkali wa asubuhi una historia ya kuwasha mania kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo mama asinunue taa wala kubadili ratiba ya jua bila daktari, na dawa zisiachwe. Watasema wengine kwamba utafiti huu karibu wote ni wa watu wazima wa Ulaya na Marekani, na kwamba usingizi uliopotoka huenda ni dalili badala ya chanzo. Ni kweli. Tuendelee.

Shule zitafungwa tena siku moja, kwa ugonjwa, mafuriko au vita. Mipango ya dharura inaorodhesha oksijeni, barakoa na sabuni. Sijaona inayomtaja mtu wa kutia majira, na kwa vijana walio kwenye matibabu ya akili ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Mwaka 2020 masomo ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya yalirushwa kwenye redio za shirika la utangazaji la KBC kwa ratiba. Somo la redio linaanza saa yake, usipokuwepo linakupita, ilhali karatasi za masomo zinazotumwa kwa WhatsApp zinakusubiri hadi usiku wa manane. Kwa mwanafunzi wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Kwa aliye kwenye faili la kliniki ya akili, redio ilikuwa tiba na WhatsApp ilikuwa ruhusa ya kukesha.

Wahudumu wa afya wa jamii tunao tayari, na simu wanazo. Mgonjwa kijana apangiwe mmoja wa kumpigia kila asubuhi, hata kwa dakika mbili, aulizwe ameamka, amefungua dirisha, atakula nini. Ila simu hiyo ipigwe saa ileile kila siku. Ikipigwa saa mbili asubuhi kila siku, ni kitiamajira. Ikipigwa saa mbili leo na saa tisa kesho, ni salamu tu.